Bei ya nyama ya ng'ombe wako: unatoza kwa kilo ipi?

Swali: Daktari, shikamoo. Niko Mlandizi, nina maksai watano bandani. Watatu nilinunua mnadani kwa 900,000 kila mmoja wakiwa na kilo 230 hivi, wawili wamezaliwa hapa hapa kwangu. Nimewalisha pumba, mashudu na molasi kwa miezi mitatu, sasa kwa mkanda wanafika kilo 300. Dalali ananipa 1,400,000 kwa mmoja, nimekataa. Wafanyakazi wenzangu wa Dar na majirani wanaomba niwauzie nyama moja kwa moja. Buchani kwao kilo ni 12,000, nami nimefikiria 10,000 ili wavutike. Kilo 300 mara 10,000 ni milioni tatu. Hesabu yangu iko sawa? Na wanaotaka nusu au robo niwatoze vipi?

Jibu: Marahaba. Hesabu haiko sawa, na nafurahi umeuliza kabla ya kuchinja. Umechukua bei ya kilo ya buchani ukaizidisha kwa kilo za ng'ombe anayetembea. Hizo ni kilo mbili tofauti, na katikati yake ipo ya tatu. Ukizitenganisha kilo hizo tatu, mengine yote uliyoniuliza yatajipanga.

Ya kwanza ni kilo ya ng'ombe hai. Humo mna ngozi, kichwa, damu, na tumbo lililojaa majani na maji. Ya pili ni kilo ya mzoga, yaani kinachobaki kimening'inia baada ya kuchuna na kutoa matumbo, kichwa na miguu. Ng'ombe wetu wa asili akiwa amekonda, mzoga wake ni kama asilimia 45 ya uzito hai. Akinenepeshwa vizuri kama wako hufika 50, na chotara wa Boran, ng'ombe wa aina ya nyama, anaweza kupita hapo kidogo. Kwa hiyo maksai wako wa kilo 300 ana mzoga wa kilo 150. Ya tatu ni kilo anayobeba mteja. Mzoga ukipoa unapoteza maji, asilimia mbili au tatu. Ukikatwa, kuna unga wa mfupa, mafuta ya kutupa, vipande vyenye michubuko. Ukiuza pamoja na mfupa, katika zile kilo 150 utapima kilo 142 hivi. Ukitoa mfupa wote utapata kama kilo 110 za nyama tupu na kilo 30 za mifupa ya supu.

Basi kwa 10,000 kwa kilo, mauzo yako ya nyama ni 1,420,000. Zile milioni tatu hazipo, na dalali wako hajakuonea kiasi ulichodhani.

Sasa tutafute gharama. Nakupa mfano kwa bei ulizonitajia na zile ninazokutana nazo kwa wafugaji wa ukubwa wako. Wewe utaweka zako. Maksai 900,000. Ushuru wa mnada, kibali cha kusafirisha mifugo na nauli ya lori hadi bandani 60,000. Chakula, kwa 3,000 kwa siku, siku 90, ni 270,000. Dawa na kuogesha 20,000. Kijana anayewahudumia, ukimlipa 150,000 kwa mwezi na ng'ombe ni watano, kila mmoja anabeba 90,000 kwa miezi mitatu. Banda na maji 30,000. Mpaka hapo ni 1,370,000, ng'ombe akiwa bado mzima. Kisha kuchinja, ukaguzi na ushuru wa machinjio 40,000, gari safi la kupeleka nyama Dar 60,000, kukata na mifuko 50,000. Jumla 1,520,000. Ongeza 60,000 ya tahadhari, maana mwaka mmoja kati ya michache ng'ombe mmoja atakufa, au ini na sehemu ya mzoga vitatupwa na mkaguzi, na hasara hiyo lazima ilipwe na wale waliobaki. Tumefika 1,580,000.

Toa mapato ya pembeni: kichwa, makongoro, utumbo, maini na ngozi. Tuseme umepata 140,000 kwa vyote. Ngozi siku hizi haina bei ya kutegemea, kwa hiyo usiipe uzito kwenye hesabu. Inabaki 1,440,000 ambayo nyama peke yake inatakiwa irudishe.

Gawanya. Kwa kilo ya mzoga, 1,440,000 kwa 150 ni 9,600. Kwa kilo ya kubeba yenye mfupa, kwa 142, ni 10,140. Kwa nyama tupu, ukiuza mifupa ya supu kwa 4,000 kwa kilo unarudisha 120,000, kisha 1,320,000 kwa kilo 110 ni 12,000 kamili. Hizo ni gharama tu, faida bado. Umeona ilivyo? Bei yako ya 10,000 ingekutoa jasho miezi mitatu na kukuachia deni la shilingi 20,000 kwa kila ng'ombe.

Lipime pia kwa upande wa dalali. Yeye anakupa 1,400,000 mlangoni, huchinji, hukodi gari, humfuati mteja. Ukiuza mwenyewe kwa 10,000, unapata 1,420,000 ya nyama na 140,000 ya pembeni, unatoa 150,000 ya kuchinja, gari na kukata, mkononi inabaki 1,410,000. Kazi yote ile kwa 10,000 zaidi! Bei ya dalali, au bei ya mnada wa Pugu, Dar, siku hiyo ukitoa nauli, iweke kama sakafu yako. Kuuza nyama moja kwa moja kuna maana pale tu kunapokuacha na pesa nzuri juu ya sakafu hiyo.

Hapo hapo nikujibu kuhusu wale wawili waliozaliwa kwako, maana najua moyoni umeshawahesabu kuwa ni faida tupu. Ng'ombe wa nyumbani hana risiti, lakini ana bei. Siku unamchinja unaacha kupokea ile 1,400,000 ya dalali. Mwandike kwa bei ambayo angeuzwa mnadani siku alipoingia bandani kunenepeshwa, kama wenzake. Mama yake alikula, alichanjwa, alikaa miezi tisa na mimba na mingine akinyonyesha, na gharama hiyo ulishailipa kidogo kidogo bila kuiandika. Wafugaji wengi wanauza nyama ya ng'ombe wa nyumbani kwa bei ya kutupa, kisha mwaka wa tatu wanashangaa kundi limepungua na hela hawaioni.

Kuna jambo jingine kwenye namba zako ambalo ningependa ulione, kwa sababu linaamua ni lini uchinje. Ulinunua kilo hai 230 kwa 900,000, yaani 3,900 kwa kilo. Kisha ukaongeza kilo 70 kwa chakula na kijana, 360,000, yaani zaidi ya 5,100 kwa kilo. Ukiishia hapo utasema kunenepesha ni hasara, heri kununua waliokonda na kuchinja. Lakini pima kwa mzoga. Yule wa kilo 230 akiwa amekonda angetoa mzoga wa kilo 103 na nusu hivi, kila kilo ikiwa imekugharimu kama 8,700. Kunenepesha kumekuongezea kilo 46 na nusu za mzoga kwa 360,000, kama 7,700 kwa kilo. Faida ya banda imo kwenye mzoga: misuli imejaa, mfupa ni ule ule, tumbo ni lile lile. Nyama nayo imekuwa bora kuliko ya ng'ombe aliyetembea njia nzima akaletwa akiwa mifupa.

Hali hiyo haidumu. Kila wiki ng'ombe anavyozidi kunenepa anaongeza kidogo zaidi kwa chakula kile kile, na anachoongeza kinakuwa mafuta. Pima kila wiki mbili, asubuhi kabla hajala wala kunywa. Kama huna mzani, kwa sentimita pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, gawanya kwa 10,840. Mzunguko wa 155 na urefu wa 135 ni kilo 299. Hayo ni makadirio, yanaweza kupishana na mzani kwa kilo 20 na zaidi, lakini ukipima ng'ombe yule yule kwa mkono ule ule utaona anapoacha kuongezeka. Akishuka chini ya nusu kilo kwa siku huku anakula 3,000, mtafutie wateja.

Sasa nusu na robo. Kwa mtu mwenye ng'ombe watano, hii ndiyo njia ninayokushauri, na watu wetu wanaijua tangu zamani: majirani wanachangia ng'ombe, wanachinja, wanagawana mafungu. Wewe unaiwekea mzani tu. Toza kwa kilo ya mzoga, kwa sababu ndiyo kilo pekee ambayo wewe na mteja mnaweza kuisoma pamoja siku ile ile, bila kubishana kuhusu mfupa na maji.

Weka 11,200 kwa kilo ya mzoga. Kilo 150 zinakupa 1,680,000, ukitoa 1,440,000 unabaki na faida ya 240,000 kwa kila ng'ombe. Ukirudi kwenye ile sakafu, mkononi unakuwa na 1,670,000 dhidi ya 1,400,000 ya dalali. Hiyo inalipa kazi. Anayechukua robo, kilo 37 na nusu za mzoga, analipa 420,000 na kubeba kilo 35 na nusu zenye mfupa, sawa na kama 11,830 kwa kilo. Bado yuko chini kidogo ya bucha, na ndani mna sarara na steki ambazo buchani angezilipia zaidi. Akitaka nyama tupu, atabeba kilo 27 hivi na mifupa ya supu kando. Mwambie hivyo kabla hajatoa hela. Ugomvi karibu wote wa robo ninaousikia ni wa mteja aliyelipia kilo 37 akabeba 27 na hakuna aliyemwambia. Mtu akijua mapema hanung'uniki. Akijua akiwa jikoni anaamini umemwibia, na wa ofisini kwake wote watajua.

Robo za mbele na za nyuma hazilingani. Nyuma kuna paja na steki, mbele kuna shingo, kidari na mkono. Usimpe mmoja nyuma na mwingine mbele kwa bei moja. Gawa kila nusu ya mzoga kwa wateja wawili, kila mmoja apate vipande vya mbele na vya nyuma, kisha mkate kwa aina anayotaka. Elewaneni pia mzoga unaishia wapi: figo na mafuta yake vimo au havimo, mkia ni wa nani, nundu inagawanywaje. Andika ujumbe mmoja, uwatumie wote.

Machinjio mengi madogo hayana mzani wa kupima mzoga mzima. Nenda na mzani wa kuning'iniza wa kilo 100, uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo na wenye stika yake. Pima robo moja moja, nne zote, mzoga ukiwa bado na joto. Soma kila namba kwa sauti, iandike kwenye daftari, piga picha mzani ukiwa umebeba robo na namba inaonekana, uwatumie wateja kabla hujaanza kukata. Wakati huo nyama haijashikwa na mtu, na picha ile inajibu maswali ambayo ungeyajibu wiki nzima.

Pesa: nusu ya malipo ije kabla ya kuchinja, iliyobaki baada ya kupima na kabla ya kukabidhi. Usichinje mpaka robo zote nne zina wenyewe. Nasisitiza hili kwa moyo wote, maana ng'ombe akishachinjwa huwezi kumrudisha bandani kusubiri mteja. Mali kauli kwa nyama haifai hata kwa rafiki, nyama italiwa leo na deni litakaa mpaka mwezi ujao. Kilo unazopeleka kwako na kwa mama mkwe ziandike zimeuzwa, nawe ulipie kutoka mfukoni. Kilo nane za kugawa ni karibu 95,000, zaidi ya theluthi ya faida yako yote.

Wapo watakaotaka kilo mbili mbili, steki tu. Unaweza, lakini tazama hesabu. Katika zile kilo 142, sarara hazizidi kilo tatu. Uziuze 20,000, unapata 60,000. Steki kilo 50 kwa 14,000 ni 700,000. Mchanganyiko wa mfupa kilo 74 kwa 11,500 ni 851,000. Mifupa ya supu kilo 15 kwa 5,000 ni 75,000. Jumla 1,686,000, sawasawa na uliyopata kwa robo, ila umekata siku nzima na kupokea simu za watu 40. Na sarara na steki zitaisha kwanza. Kilo 20 za shingo na mbavu zikikulalia kwenye friza, 230,000 imelala nazo, karibu faida yote. Ukiamua kuuza hivi, tafuta kwanza mnunuzi wa shingo, mbavu na mifupa, mama ntilie au mwenye mgahawa wa supu, ndipo uwatangazie wenzako wa ofisini habari ya steki.

Usishindane na bucha kwa bei. Mwenye bucha anachinja kila siku, gari lake linajaa, na utumbo wake una mteja wa kudumu. Wewe unauza kitu kingine: ng'ombe mmoja anayejulikana umri wake na alichokula, na mteja anayeweza kuja Mlandizi Jumamosi akamwona. Hilo lina thamani, na anayekupigia simu akiwa Dar tayari ameliona.

Idi ya kuchinja ina hesabu yake. Wateja saba wanaweza kuchangia ng'ombe mmoja wa udhiya, na bei unaitaja kwa hisa. Angalia jambo moja: ngozi ya udhiya haiuzwi na mchinjaji halipwi kwa nyama wala ngozi, kwa hiyo yale mapato ya pembeni ya 140,000 hayapo. Unaanza na 1,580,000 yote, ukiongeza faida ile ile inakuwa 1,820,000, kwa saba ni 260,000 kwa hisa. Nimewaona waliouza hisa kwa hesabu ya siku za kawaida wakakuta wamejitolea bila kujua. Awe ametimiza miaka miwili, hana kilema wala jicho bovu, na hayo yaangalieni pamoja kabla ya kupokea fedha.

Taratibu zinaingia kwenye bei, ndiyo maana nimeziweka kwenye gharama. Nyama ya kuuza lazima ichinjwe machinjioni, ng'ombe akaguliwe akiwa hai na mzoga ukaguliwe na kugongwa muhuri. Chini ya Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 biashara ya nyama inasajiliwa na Bodi ya Nyama, kwa hiyo anza kwa afisa mifugo wa kata yako, akueleze usajili na vibali vya kupeleka nyama mkoa mwingine. Mchinjaji awe yule ambaye wateja wako wote watakula nyama aliyoichinja. Na tazama daftari la dawa: sindano za minyoo na baadhi ya antibayotiki zinataka mwezi au zaidi kabla nyama haijaliwa, soma lebo. Ng'ombe aliyechomwa sindano wiki iliyopita anasubiri, na kila siku anayosubiri ni 3,000 nyingine, pamoja na mshahara wa kijana.

Kwa sasa chagua mmoja kati ya watano, yule aliyeacha kuongezeka, uwatumie wateja ujumbe kama huu: "Maksai mmoja, anakadiriwa kutoa mzoga wa kilo 150. Bei 11,200 kwa kilo ya mzoga, bila kichwa, miguu, ngozi na matumbo. Robo ni kilo 37 hivi, takriban 420,000. Utabeba kilo 35 zenye mfupa au 27 za nyama tupu na mifupa yake. Malipo ya awali 210,000. Tunachinja robo nne zikishalipiwa, picha ya mzani mtaipata siku hiyo hiyo. Bei hii ni kwa ng'ombe huyu." Hayo maneno ya mwisho usiyafute. Bei za mnada hushuka kiangazi malisho yakiisha na wafugaji wakaleta ng'ombe wengi, hupanda kuelekea Krismasi na Idi, na pumba nazo zina msimu wake. Wa pili utamfanyia hesabu upya.